Msitu wa marehemu baba huko Walungu, Kivu Kusini: mnunuzi anautaka wote, nifanyeje?

Mtoto wa Walungu: Jambo wandugu. Baba alituachia msitu wa mikaratusi, kama nusu hekta, kwenye mteremko. Chini yake kuna chemchemi ya kijiji. Juzi alikuja mfanyabiashara wa makala (mkaa), akauzunguka dakika kumi, akataja bei ya msitu mzima. Dada zangu wanasema tuuze, minervali, yaani karo ya watoto, imetubana. Mimi niko huku Bukavu, hata mti mmoja sijui unauzwaje.

Fundi Mbao, Kadutu: Kaka, hizo dakika kumi alikuwa anahesabu. Nawe hesabu. Chukua kamba, pima unene wa kila mti usawa wa kifua. Minene ni mbao, ya kadiri ni nguzo, myembamba ndiyo makala. Ukiuza "msitu", umeuza mbao kwa bei ya makala. Nimewahi kununua hivyo, nakiri, na mwenye shamba akanishukuru!

Mama Kabare: Mwanangu, anza na udongo. Baba alitoa kalinzi, ile zawadi kwa chifu ya kupata shamba la kudumu, au alilima kwa bwasa, yaani kukodi kwa muda tu? Mwenye bwasa hata kupanda miti haruhusiwi. Kama ni kalinzi, ni urithi: mkae ndugu wote, mashahidi wawepo, iandikwe. Mambo haya hayamalizwi kwa simu.

Agronomu Mstaafu: Mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua wenyewe, unavuna tena mara tatu hata zaidi. Kisiki kibaki sentimita 10 hadi 15, kikatwe mshazari maji yasituame, gome lisichanike. Machipukizi hutoka mengi kama nywele. Baadaye bakiza mawili yaliyoshika vizuri. Mkataji wa haraka na shoka lake ataua visiki, nawe utarudi kununua miche. Usikate wote mara moja: mvua ya Septemba ikikuta mteremko mtupu, udongo utaishia kwenye chemchemi. Na karibu na maji usirudishe mkaratusi, unakunywa mno. Weka miti ya grevilea.

Mtoto wa Walungu: Asanteni. Kalinzi ilitolewa, baba mdogo alikuwepo. Jumamosi tumepima kwa kamba ya mbuzi, tukaandika namba kwa kaa la moto lililozimika: minene 63. Mnunuzi kasikia tunapima, kapandisha bei kabla sijafungua mdomo. Sasa dada mkubwa ndiye anayesema tungoje.

Fundi Mbao, Kadutu: 63? Nije kuona?

Mtoto wa Walungu: Karibu fundi. Ila kamba unayo, dakika kumi huna.