Korona ikirudi, ufukwe ufungwe tena?

Mwanzisha mada, Malindi

Wapo wanaosema ya 2020 yamepita, tuyaache. Mimi naona huu ndio wakati wa kuyazungumza, kabla amri nyingine haijasomwa jioni na kuanza kazi asubuhi. Ilikuwa haki kuwafukuza watu ufukweni?

Kuhusu mipaka ya kaunti sina ugomvi. Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa Aprili 8, na sisi wa Kilifi tukafunguliwa Juni 7. Ugonjwa husafiri na watu, na vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vya kuhesabu. Lakini mtu wa Malindi anayeshuka ufukwe wa Buntwani kwa miguu havuki mpaka wowote. Kusi inavuma, na maji yakipwa mchanga unabaki mpana kiasi cha kila mtu kukaa mbali na mwenzake. Huku sokoni watu waligusana mabega kwenye mafungu ya nyanya, na matatu zilibeba, ingawa kwa abiria pungufu. Mwenye jumba la ukuta na bustani alipunga upepo kwake. Familia ya chumba kimoja kule Muyeye iliambiwa ikae ndani, kwenye hewa isiyozunguka, ambako virusi hivi huambukiza zaidi. Hilo linaniuma hadi leo.

Mhudumu wa afya, Kilifi

Ndugu, unaihukumu Aprili kwa elimu ya Desemba. Wakati ule tulihimizwa kunawa mikono na kukwepa matone ya mtu anayekohoa. Habari ya virusi kuelea hewani ndani ya nyumba ilikubalika baadaye. Tena ufukweni haendi mtu peke yake. Vijana wakishuka, wauza madafu na viazi karai wanafuata, mpira unapigwa, kisha wote wanajazana kwenye tuktuk kurudi. Tazama Wales, jirani ya Uingereza: wikendi ya Machi 21 na 22 watu walimiminika kwenye milima ya Snowdonia hadi njia kuu za kupandia zikafungwa. Mlima ni mpana, lakini wote waliegesha magari mahali pamoja.

Mwanzisha mada

Mfano mzuri, ila umalizie. Wales haikuwakataza watu kutembea karibu na kwao. Mwezi Juni waliambiwa wasiende mbali, kiasi cha maili tano hivi, kama kilomita 8, na Julai 6 agizo hilo likaondolewa. Uingereza yenyewe iliruhusu kuanzia Mei 13 mtu aendeshe gari umbali wowote akatembee. Hata huko Wales haki ilipinda: anayeishi chini ya mlima alikuwa na mlima wake, na wa mjini Cardiff akabaki na lami. Januari 2021 wanawake wawili huko Derbyshire, Uingereza, walitozwa faini ya pauni 200 kila mmoja kwa kuendesha maili tano kwenda kutembea kando ya bwawa. Faini zikafutwa, maana sheria haikutaja umbali. Kipimo kilikuwa kichwani mwa askari. Na sisi tulipimwa hivyohivyo. Leo unapita, kesho unakimbizwa na rungu palepale.

Mchangiaji, Lamu

Nyinyi mnazungumzia kupunga upepo. Huku Amu kaunti yetu haikufungwa, lakini barabara yetu inapita Kilifi, kwa hiyo wageni hawakuja na mashua za Shela zilikaa nangani. Kafyu ya saa moja jioni ilimkuta mvuvi ambaye tayari alikuwa amezoea kukatazwa bahari ya usiku. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, tuliwekewa kafyu, na marufuku ya kuvua usiku ikaendelea kwa miaka. Ndiyo maana nikisikia amri ya muda mwili unanisisimka. Amri yoyote ya kufunga bahari au ufukwe iandikwe na tarehe yake ya kufa.

Mama wa watoto wanne, Malindi

Shule zilifungwa Machi, na wangu wengine hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Miezi yote hiyo ndani ya nyumba ya mabati. Niliwapeleka ufukweni alfajiri kwa kujificha, kama mwizi.

Mhudumu wa afya, Kilifi

Dada, hilo nalipokea, na kwa watoto tungeweza kufanya vizuri zaidi. Lakini niambieni: siku ya Idi, mji mzima unaposhuka, nani atawazuia watu wasisongamane? Mkisema askari, tumerudi kwenye rungu.

Mwanzisha mada

Tuna BMU, kamati za wavuvi zinazosimamia maeneo ya kushukia. Zinawajua watu wa pale na zinajua saa za maji kujaa na kupwa. Zipewe mamlaka ya kugawa zamu: asubuhi watoto na wazee, jioni wengine, wachuuzi wakae mbalimbali, mpira usubiri. Siku ya Idi pekee, kama watu wamezidi, pafungwe kwa siku hiyo na tangazo litolewe mapema. Bunge la kaunti liyaandike hayo sasa, kabla ya dharura.