Tairi pana nyuma kwenye kruza: tupeane uzoefu (Nakuru, Kisumu na magharibi)

MzeeWaMenengai (Nakuru)

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na uchungu kidogo. Nina Yamaha Drag Star 650 ya mtumba, ilikuja na tairi ya nyuma 170/80-15 (upana milimita 170, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana huo, rimu ya inchi 15) kama kiwanda kilivyopanga. Sasa mnajua ugonjwa wetu sisi watu wa kruza, hizi pikipiki ndefu za kukaa chini: ukiegesha, unataka anayepita nyuma aone mgongo mpana wa tairi. Nikapata 180/70-15, saizi inayovaliwa na Kawasaki Vulcan 900. Nikajiambia milimita 10 ni kitu gani? Hata kidole changu ni kinene kuliko hiyo.

Iliingia. Hapo ndipo nilipodanganyika. Pale gereji pikipiki ikiwa juu ya stendi, gurudumu lilizunguka vizuri bila kugusa popote. Siku ya kwanza nikambeba mama watoto, tukapita Salgaa, Mau Summit, tukashika barabara ya Kericho. Kila shimo nasikia "shrrr", kama mtu anachana kitambaa. Londiani nikasimama. Ncha za bolti za pembeni za madigadi zilikuwa zinang'aa kama sarafu mpya, na bega la tairi lina mfereji. Mama watoto hakusema kitu hadi Kericho. Kericho alisema.

Halafu kona. Zile za kwenye majani chai nimezizoea miaka, lakini siku hiyo zilikuwa ngeni kabisa. Nailaza pikipiki, haitaki. Nikiilazimisha, inataka kusimama tena.

Nani mwingine amefunga pana, akafanyaje, na ilimgharimu nini? Tafadhali tuongee kwa namba, si "iko sawa tu mkuu".

Mulembe220 (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi ni wa Bajaj Avenger 220. Ya kiwanda nyuma ni 130/90-15, nami nikaruka hadi 150/80-15. Nilipiga hesabu ya kimo peke yake: ya zamani inatoa milimita 615, mpya 621, nikaona ni ndugu. Upana nikausahau. Milimita 20 zaidi ni 10 kila upande, na upande mmoja una cheni.

Nilikuwa naenda Kisumu. Kufika Chavakali nikaona vumbi jeusi limejaa ndani ya kifuniko cha cheni. Nikadhani ni grisi imeshika uchafu. Ilikuwa mpira! Cheni ilikuwa inainyoa tairi kama kinyozi.

Fundi mmoja (simtaji) akaniambia dawa ni kusukuma gurudumu upande wa pili kwa washa mbili (zile pete bapa za chuma za kuwekwa kwenye bolti). Nikakubali, msinicheke. Kuanzia hapo pikipiki ikawa inatembea kama mbwa, nyuma haifuati mbele, na sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) ikaliwa upande mmoja kabla ya wakati wake. Sasa niko kwenye 140/90-15. Inapita, ila imenyanyuka, na kifuniko cha cheni nilikipinda kidogo.

OmeraWaDunga (Kisumu)

Hizo washa ulilipia au ulipewa bure?

Mulembe220 (Kakamega)

Nililipia.

OmeraWaDunga (Kisumu)

Pole sana omera. Tairi pana niliyofunga mimi haikugusa chochote, kwa hiyo kwa fundi mimi nilikuwa nimefaulu. Shida ilikuwa barabarani. Mnajua huku Chemelil na Muhoroni, malori ya miwa yamechimba lami mpaka imekuwa na mifereji miwili. Tairi nyembamba ya zamani ilikuwa inakaa katikati au inakaa ndani, unachagua. Hii pana ikikanyaga ukingo wa mfereji, inakuchagulia yenyewe. Unavutwa, unarudisha, unavutwa. Nilifika nyumbani mabega yanauma kama niliyekata hiyo miwa.

Na mvua ya saa kumi, ile yetu ya ziwani, usiniulize. Maji yakisimama barabarani, tairi pana inapanda juu ya maji mapema kuliko nyembamba. Niliionja mara moja karibu na Ahero, na sikuwa na haraka yoyote.

BoxerWaKanduyi (Bungoma)

Mimi si wa kruza, ni bodaboda. Kwenye Boxer nilitoa 3.00-17 (upana inchi 3) nikaweka 110 (upana milimita 110), abiria waone niko juu. Rimu ni nyembamba, ikaiminya tairi ikawa na umbo la yai. Kinachogusa chini kikawa kamstari ka katikati tu. Katikati imeisha, pembeni bado mpya. Mafuta nayo nilikuwa naweka zaidi. Nimerudi 3.00 na abiria ni walewale.

FundiKibuye (Kisumu)

Huyu wa Bungoma amesema jambo ambalo wateja hawataki kusikia. Namba iliyoandikwa ubavuni ni upana wa tairi ikiwa kwenye rimu yake inayostahili. Ukiivalisha rimu nyembamba, mabega yanavutwa ndani, katikati inapanda. Umelipia milimita 10 na hupati zote 10. Na 180 ya kampuni moja si sawa na 180 ya nyingine. Nimepima mwenyewe, zinapishana.

Mzee wa Menengai, tupige hesabu yako. 170/80: asilimia 80 ya 170 ni 136, mara mbili 272, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni 381, unapata 653. 180/70: 126 mara mbili ni 252, na 381, ni 633. Tofauti ni 20, na nusu yake ndiyo iko chini ya ekseli, kwa hiyo nyuma yako imeshuka milimita 10. Kimo kilipungua, ndiyo maana juu ya madigadi hakukugusa. Kilichokuumiza ni bega, wakati shoku zikiminyika. Na nyuma ikishuka, usukani unalala, unakuwa mvivu kugeuka. Ongeza hapo kwamba tairi pana ukiilaza, sehemu inayogusa barabara inahama mbali na katikati, hivyo kona ileile kwa mwendo uleule inakutaka ulale zaidi. Mkono wako haukuwa na kosa.

Mimi mtu akija na tairi pana sifungi kabla sijatoa shoku na kuinua gurudumu kwa mkono hadi mwisho wake wa juu. Hapo ndipo bolti zinajitokeza. Kisha napima pembeni, upande wa cheni na ule mwingine. Nafasi ikiwa chini ya milimita 5 namwambia aende nayo nyumbani. Tairi ikizunguka kwa kasi inatanuka kidogo, tope la Nyando nalo linataka mahali pa kukaa. Rimu nyingi za spoku zinavaa tyubu, kwa hiyo usirudishe tyubu ya zamani iliyokuwa ndani ya tairi ndogo, inavutika inakuwa nyembamba. Wengi wanaokoa hela hapo kisha wananipigia simu kutoka Awasi.

ChaiKavu (Kericho)

Fundi, heshima yako. Nina Virago 535, nyuma 140/90-15. Mimi nilitaka pana kwa sababu pikipiki ilikuwa inayumba na kila mtu akaniambia "dada, weka pana, itatulia". Kabla ya kununua nikachungulia ile iliyokuwepo: katikati imekuwa bapa kama meza. Nikaweka saizi ileile, mpya. Kuyumba kukaisha siku hiyo.

Lakini hiyo "mpya" ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na nywele zake zote za mpira, inang'aa. Nikaangalia zile tarakimu nne ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ilikuwa na umri wa miaka tisa. Muuzaji akaniambia hiyo ni namba ya bei. Nikamwachia.

OmeraWaDunga (Kisumu)

Namba ya bei! Haki ya nani.

MzeeWaMenengai (Nakuru)

Fundi, ahsante sana. Kumbe nilikuwa nalaumu umri wangu. Jumamosi nimerudisha 170/80, tyubu mpya, na zile bolti nimezigeuza vichwa vikae ndani, njugu nje. Jana nilienda hadi Njoro na kurudi, pikipiki inalala yenyewe hata kabla sijaiambia. Mama watoto bado hajakubali kupanda.

Mulembe220 (Kakamega)

Mzee, na hiyo 180 uliyotoa, unauza?

MzeeWaMenengai (Nakuru)

Ina mfereji begani, siuzi. Na umechelewa, kuna kuku ameshataga humo.