Solo ya gita nililounda imeingizwa kwenye wimbo wa akili mnemba: haki ni ya nani?

Randa na Patasi, Kisumu

Wapenzi wa gita, salamu. Ajira yangu ni ya ofisini, lakini jioni na mwishoni mwa juma huunda magita kwa kujifurahisha. Mbao nazipata sokoni Kibuye: mvule wa mgongo na mbavu, na saipresi ya uso, ambayo huiranda hadi ibaki na unene wa milimita 3 hivi, kwa sababu ikizidi hapo gita hukosa sauti, na ikipungua sana nyuzi huuvuta uso ukapinda mbele ya daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi usoni. Gita likikamilika humpelekea mzee jirani yangu, aliyepiga solo katika bendi za benga miaka ya 1980, ili alijaribu huku nikimrekodi, kisha video naiweka mtandaoni mafundi wenzangu waisikie.

Majuzi nimekutana na wimbo kwenye chaneli nisiyoijua, wenye maelezo kwamba umetengenezwa kwa akili mnemba. Utangulizi wake ni solo ya mzee. Nina hakika, kwani gita lile lina kasoro ambayo sijaiondoa: uzi wa tatu ukibanwa kwenye freti ya saba (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gita) hukwaruza, na mkwaruzo huo umo ndani ya wimbo, mahali pale pale. Baada ya hapo programu imeongeza ngoma zake na sauti ya mwimbaji asiyekuwepo. Je, mimi niliyeunda gita nina haki gani, mzee ana haki gani, na niache kabisa kuweka video hizi?

Nyuzi Nane, Kisumu

Ndugu Randa, kuunda gita hakukupi haki juu ya muziki unaopigwa nalo, hata kama kila ufito wa ndani uliuchonga mwenyewe. Haki yako inatokana na kurekodi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humchukulia aliyefanya mipango ya kurekodi kuwa ndiye mwenye rekodi, na mzee naye hulindwa kama mtumbuizaji, kwa miaka 50 baada ya upigaji wake kurekodiwa. Kama solo aliibuni mwenyewe, anayo hakimiliki ya utunzi pia. Si lazima usajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ndipo haki ziwepo, ingawa cheti husaidia mzozo ukizuka.

Mtindo, kwa upande mwingine, hauna mwenyewe. Gita la benga lenyewe lilijifunza kutoka kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na programu ikipiga kitu kinachofanana tu na upigaji wa mzee, utapata shida kumshtaki yeyote. Hapa mambo ni tofauti, kwa maana baadhi ya programu hizi humruhusu mtumiaji kupakia kipande cha sauti na kuiagiza ikiendeleze, na mkwaruzo wako unaonyesha kwamba kilichotumika ni rekodi yenyewe.

Fundi wa Bondeni, Nakuru

Kabla ya lolote, usiliguse gita hilo. Najua mkono unakuwasha kuchukua tupa. Kwa maelezo yako kosa liko kwenye freti ya nane, ambayo imesimama juu kuliko ya saba; laza rula fupi iliyonyooka juu ya freti ya saba, ya nane na ya tisa kwa pamoja, na ikibembea umeipata. Ila ukishaisawazisha, umefuta ushahidi ambao hakuna mtu mwingine anayeweza kuutoa. Mrekodi mzee tena akipiga solo ile ile kwenye gita lile lile, na faili ya kwanza iliyo kwenye simu uihifadhi bila kuikata, maana ina tarehe yake. Kuacha video sioni faida. Wewe zungumzia mbao wakati mzee anapiga, nao watakosa kipande safi cha kuiba.

Binti wa Solo, Kakamega

Fundi, kuzungumza juu ya muziki hakutasaidia, kwa kuwa programu za kutenganisha sauti ya mtu na ya ala zinapatikana kwa urahisi. Na mbona hakuna aliyeuliza kama mzee mwenyewe ana habari? Kampuni za muziki za Universal, Sony na Warner ziliposhtaki Suno na Udio, kampuni zenye programu za kutunga nyimbo kwa akili mnemba, nchini Marekani mnamo Juni 2024, zilikuwa na mawakili na mikataba, na Universal ilipopatana na Udio mwaka uliofuata, ilipatana kama mwenye mali. Mpiga solo wa mtaani hana mkataba hata na jirani anayemrekodi. Ndugu Randa, andikianeni: rekodi ni ya nani, jina lake litatajwa vipi, pato likipatikana litagawanywaje, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuitumia kufundishia programu. Kisha malalamiko yaende kwa majina yenu wote wawili.

Randa na Patasi, Kisumu

Asanteni sana. Nimekaa na mzee leo na kumsikilizisha wimbo. Ngoma ndizo zilizomkasirisha zaidi. Anasema aliyezipiga hajawahi kumwona mtu akicheza benga. Kisha akauliza kama aliyeuweka wimbo analipwa, na hapo sikuwa na jibu. Makubaliano tumeyaandika kwa mkono na kuyatia sahihi, mkwaruzo tumeurekodi upya, na malalamiko tumeyatuma kupitia fomu ya jukwaa husika pamoja na video ya kwanza. Freti ya nane ndiyo yenyewe, Fundi, rula imebembea. Nitaisawazisha wakishatujibu.