Binti wa darasa la pili anataka kutengeneza gemu, nianze na nini?

Mama Nuru: Jamani, ananing'ang'ania kila jioni. Nina laptopu kuukuu na bando la kuungaunga tu. Nianzie wapi?

Baba Kombo: Scratch, dada, programu ya watoto kutengenezea gemu. Ilitoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ni ya bure, na ukishaipakua haidai intaneti. Mtoto anapachika vipande vya amri vyenye rangi, haandiki msimbo, yaani amri za kompyuta kwa maandishi. Ina Kiswahili pia. Wangu alianza kwa kumtembeza paka kwenye skrini. Sasa paka anamkimbiza kuku, na mlio wa kuku kaurekodi mwenyewe. Kelele tupu!

Mwalimu Asha: Wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr, toleo lao rahisi la tableti. Hata asiyejua kusoma anaicheza.

Mama Nuru: Tableti sina. Naipakua hiyo ya paka usiku, bando likiwa rahisi.