Sanamu za marumaru za Kirumi: ni haki kuziita "nakala" tu?

Wadau, mwenzetu amesema kwamba sanamu nyingi za Kirumi zimenakiliwa kutoka kwa Wagiriki, kwa hiyo kibao cha makumbusho kiandikwe jina la Mgiriki, basi. Mimi nakataa, na nakataa kwa moyo wote.

Tumwangalie Mrusha Kisahani, sanamu ya mwanariadha anayejiandaa kurusha kisahani. Fundi wa Kigiriki, Myron, aliisubu sanamu hiyo kwa shaba nyeusi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na shaba yenyewe haipo tena. Kazi nyingi za mabingwa wa Ugiriki ziliyeyushwa, maana shaba ilikuwa mali. Tunazoziona leo Rome na London ni za marumaru, zilizochongwa karne nyingi baada ya Myron kufa.

Na marumaru si shaba. Sanamu ya shaba ina uwazi ndani, ni nyepesi, miguu yake inaibeba. Jiwe ni zito, na uzito ukikaa vibaya hukatika vifundoni. Ndiyo maana utakuta kisiki cha mti kimeegemezwa mguuni, au kijiti cha jiwe kimeachwa kati ya mkono na paja. Mchongaji aliyepiga hesabu hiyo alikuwa akitatua tatizo ambalo Myron hakuwa nalo.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Mwaka 1954 huko Baiae, karibu na Naples, vilipatikana vipande vya plasta vilivyotengenezwa kwa kalibu zilizochukuliwa kwenye sanamu za shaba za Kigiriki. Kwa hiyo walikuwepo mafundi waliofuata umbo la asili kwa uaminifu mkubwa. Hilo silipingi. Lakini plasta humpa fundi umbo tu. Jiwe lazima alichonge mwenyewe.

Turudi kwa Mrusha Kisahani. Ile iliyofukuliwa Rome mwaka 1781 imegeuza uso nyuma kukielekea kisahani, kama mwandishi wa kale Lucian alivyoieleza katika karne ya 2. Ile ya British Museum, iliyotoka kwenye makazi ya Kaisari Hadrian huko Tivoli, inatazama chini, kwa kuwa walioikarabati karne ya 18 walikiweka kichwa vibaya. Hapo kuna Myron, kuna mchongaji wa Kirumi tusiyemjua jina, na kuna mkarabati. Anayetaka jina moja kwenye kibao anieleze: hao wawili wengine anawafuta kwa haki gani?