Mke wangu anasema Mungu amemwambia tuuze kiwanja

Habari zenu ndugu zangu, naombeni ushauri.

Mke wangu alirudi kutoka mkesha wa Ijumaa akasema Mungu amesema naye: tuuze kiwanja chetu cha Chanika, pesa tukaipande madhabahuni, yaani tuitoe sadaka kanisani. Simdharau, ni mtu wa maombi kweli. Ila mwaka juzi alioneshwa nisisafiri. Nikabaki, basi likafika salama, nauli ikaliwa.

Nimemsomea Kumbukumbu la Torati 18:22, kwamba neno lisipotimia Bwana hakulinena. Akanijibu mimi ni mtu wa mwilini. Mchungaji naye ananiambia nisimzimishe Roho. Tangu yale ya Shakahola kule Kenya 2023, waumini walipofunga hadi kufa kwa kumfuata mhubiri wao, maneno hayo yananitisha. Hati nimeificha chini ya godoro.

Sauti kama hii mnaipimaje? Na nikatae kabisa, au niombe muda kwanza?