Toyota IST ya Dada Rehema inapiga kelele asubuhi

*Kundi: Ukoo wa Bi Zena*

Rehema: Jamani gari inanitesa. Nikiwasha asubuhi inapiga krrrrr sekunde tatu nne hivi kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo alafu inanyamaza yenyewe, mchana siisikii kabisa
Rehema: 🎤 0:09

Ba mdogo Juma: Fenbelti hiyo mwanangu badilisha

Rehema: Shkamoo ba mdogo. Fundi wa hapa mtaani kashabadilisha wiki iliyopita, hela imeenda kelele ipo palepale 😩

Hamisi Fundi: Shkamoo dada. Nimesikiliza mara tatu, hiyo taiming cheni, ile ya ndani ya injini inayofanya kamshafti ya valvu izunguke sawa na kranki ya pistoni. Belti ingelia kwiii. Taa ya chek enjini imewaka?

Rehema: Marahaba. Imewaka tangu Ramadhani, ilikua inaniudhi nikaibandika kistika cha ua

Mama: Rehema!!

Hamisi Fundi: 🙆🏾 kapime na mashine kesho

Rehema: Wamepima leo, mashine imetoa kodi P0016

Hamisi Fundi: Enhe. Kranki na kamshafti hazisomani. Oili umebadilisha lini?

Rehema: Kama kilomita elfu 14 zilizopita ila nilikua naongeza!

Hamisi Fundi: Kuongeza sio kubadilisha dada. Sikia, tenshena inasukuma cheni kwa presha ya oili, gari ikilala oili inashuka chini kwahiyo ukiwasha cheni inachapachapa mpaka presha ipande ndo mana inanyamaza, sasa oili ikichakaa pini za cheni zinalika moja moja cheni inarefuka na tenshena inafika mwisho wa kusukuma. Siku ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni zinapinda

Ba mdogo Juma: Mbona tuliambiwa cheni haibadilishwi? Mkanda wa taiming ndo wa kila kilomita laki

Hamisi Fundi: Heshima yako ba mdogo, cheni haina kilomita maalum ndo mana watu wanaisahau. Tunabadilisha cheni, tenshena na gaidi zake

Mama: Injini ya Rehema ina magaidi??

Rehema: 😂😂😂

Hamisi Fundi: Gaidi ni reli zinazoiongoza cheni ma mkubwa

*Jumamosi*

Hamisi Fundi: 📷 Ya zamani na mpya nimezitundika msumari mmoja, angalieni chini

Mama: Ya kushoto imezidi nusu kidole

Hamisi Fundi: Ndo hiyo ya zamani ma mkubwa. Na gaidi zimechimbika mifereji unaingiza ukucha

Rehema: Bei ya spea nimeambiwa inbox, sitaki kuirudia hapa. Unamaliza leo?

Hamisi Fundi: Cheni imekaa, viungo vya cheni vyenye rangi nimevilaza kwenye alama za sproketi, nikazungusha kranki kwa spana mkono taratibu raundi mbili nzima, alama za sproketi zimerudi palepale. Siwashi kabla ya hapo hata anipigie nani, ikigoma mkononi nitaisikia, ikigoma na stata tushaumia. Silikoni ya kava ikauke kwanza, oili mpya najaza kesho

Ba mdogo Juma: Na sili ya kranki, ile ya kuzuia oili isivuje?

Hamisi Fundi: Mpya ba mdogo

*Jumatatu*

Rehema: 🎤 0:09

Ba mdogo Juma: Sijasikia kitu

Rehema: Ndo hivyo ba mdogo 😂 nimewasha ya baridi kabisa saa kumi na mbili asubuhi

Mama: Na lile ua umelitoa?

Rehema: Hamisi kalibandua, kabandika stika ya kukumbusha kubadilisha oili palepale